Mwalimu mkuu anastaafu na taarifa yake inasema shule imepiga hatua: tuihakiki vipi kabla ya makabidhiano?

Mjumbe wa Kamati aliuliza:

Wadau wa elimu, habari za leo.

Shule ni ya msingi, ya serikali, katika manispaa mojawapo ya Dar es Salaam, pembezoni kabisa ambako nyumba zinaota kila mwezi. Mwalimu mkuu yupo tangu 2017 na anastaafu kwa lazima, miaka 60. Kamati ya shule imepewa rasimu ya taarifa yake ya kuaga. Namba nimezizungusha kidogo ili shule isitambulike, ila picha ni hii:

– Wastani wa mtihani wa darasa la saba: 128 mwaka 2018, 141 mwaka 2023.
– Msongamano: watoto 135 kwa chumba wakati anaingia, sasa 67.
– Madawati yanatosha.
– Matundu ya vyoo yameongezeka kutoka 16 hadi 34.
– "Asilimia 96 ya watoto wa darasa la pili wanamudu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu)."

Mwalimu ni mtu wa heshima zake na hakuna anayetaka kumharibia siku. Lakini taarifa hii ndiyo itakayoingia kwenye mpango wa maendeleo wa shule, na mkuu mpya ataanzia hapo. Namba zipi zichunguzwe, kwa njia gani, na siku ya makabidhiano yenyewe kipi kisipite bila kuguswa kwa mkono?

---

Chaki Nyeupe alijibu:

Anza na hiyo 128 na 141, maana hapo taarifa nyingi za wakuu wanaoondoka hukosea, mara nyingi bila nia mbaya.

Hadi 2020 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa na masomo matano, kila moja alama 50, jumla 250. Kuanzia 2021 Uraia na Maadili ikaingia, yakawa masomo sita na jumla 300. Kwa hiyo:

128 kati ya 250 = asilimia 51.2
141 kati ya 300 = asilimia 47.0

Ili shule ibaki palepale ilipokuwa 2018, wastani wa 2023 ulitakiwa uwe 153.6. Kwenye karatasi imepanda alama 13, kwa uzito halisi imeshuka. Ukitazama madaraja nayo haikusogea: kwenye mizani ya 250 daraja C lilikuwa 101 hadi 150, kwenye 300 ni 121 hadi 180. Ilikuwa C, imebaki C.

Kubadili kuwa asilimia kunasaidia lakini hakumalizi kazi, kwa sababu somo lililoongezwa linaweza kuvuta wastani juu au chini. Njia safi zaidi ni kulinganisha somo kwa somo: Hisabati ya 2018 na Hisabati ya 2023, English na English, kwa asilimia ya waliopata A hadi C. Masomo hayo mawili ndiyo yanayoangusha shule nyingi za msingi za pembezoni, na ndiyo yanayoonyesha kama ufundishaji umebadilika kweli. Kiswahili kikipanda peke yake, wastani wa jumla hupendeza huku Hisabati ikiwa imelala.

Sasa lililo gumu zaidi: nani alihesabiwa. Asilimia ya ufaulu hugawanywa kwa waliofanya mtihani. Mtoto aliyetoweka darasa la tano haonekani popote. Kamati idai jedwali la kundi moja la watoto, tangu waandikishwe hadi wamalize. Waliofanya mtihani 2023 waliingia darasa la kwanza 2017, mwaka uleule mwalimu alioanza, kwa hiyo ni kundi lake tangu mwanzo. Jedwali likae hivi (namba ni za mfano tu):

Walioandikishwa darasa la kwanza 2017: 310
Waliohamia katikati: 64
Waliohama kwa uhamisho rasmi: 92
Wanaotarajiwa darasa la saba: 282
Waliosajiliwa kwa mtihani: 251
Waliofanya: 244
Waliopata A hadi C: 183

Ufaulu wa kutangazwa ni 183 kwa 244, yaani asilimia 75. Ufaulu wa kundi ni 183 kwa 282, asilimia 64.9. Tofauti hiyo ni watoto 31 ambao hawakusajiliwa na hawana karatasi ya uhamisho, na saba waliosajiliwa wasitokee. Hao 31 watafutwe majina. Baadhi wamekariri na wako darasa la sita. Wengine wako shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza na mzazi hakuja kuchukua uhamisho. Waliobaki wameacha shule.

Data ya jedwali hilo ipo sehemu tatu: daftari la uandikishaji, rejista za mahudhurio za kila mwaka, na PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani (NECTA), ambao kila mtoto ana namba yake. Vitatu hivyo visipokubaliana, usichukue wastani wao. Amini daftari la uandikishaji kwa walioingia na PReM kwa waliohamishwa.

Angalieni pia idadi ya waliokariri darasa la nne na la sita. Shule ikiwazuia watoto dhaifu wasifike la saba, ufaulu hupanda bila mtu kufundishwa zaidi.

Kitu kingine, mwaka 2020 usiwekwe kwenye mstari wa mlinganisho bila maelezo: shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya Uviko, madarasa ya msingi yakarudi 29 Juni, na mtihani ukasogezwa hadi Oktoba. Na kundi la 2022 ndilo lililoingia darasa la kwanza Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza. Shule nyingi za mjini ziliandikisha watoto wengi kupita kawaida mwaka huo. Lile lilikuwa darasa zito, na lisifananishwe na la kabla yake bila kutaja idadi.

---

Ikama na Vyumba alijibu:

Msongamano wa 135 hadi 67. Gawanya uone: 135 nusu yake ni 67.5. Namba inapokatika katikati hivyo, swali la kwanza ni kama shule imeanza zamu mbili. Tuseme ina watoto 2,160 na vyumba 16. Ni 135 kwa chumba. Ukiweka asubuhi na mchana, kila saa chumba kina watoto 67 au 68. Hakuna tofali lililoongezwa.

Sisemi zamu mbili ni vibaya. Pale ambapo kiwanja kimejaa na hakuna pa kujenga, ndiyo dawa iliyopo. Lakini ina gharama, na gharama hiyo lazima iandikwe pembeni ya namba 67. Hesabu yake ni rahisi. Zamu ya saa tano ni dakika 300. Toa mstarini dakika 10 na mapumziko dakika 20, zinabaki 270. Kipindi cha darasa la tatu hadi la saba ni dakika 40, kwa hiyo mnapata vipindi 6 na dakika 30 za kupotea. Ikiwa ratiba ya awali ilikuwa na vipindi 8, kila mtoto anapoteza 2 kwa siku. Kwa mwaka wa siku 194 za masomo ni vipindi 388, karibu saa 259. Mkuu mzuri angekuwa amezirudisha baadhi, kwa mfano zamu ya mchana kutumia kivuli cha mti au bwalo kwa kusoma kabla ya vyumba kuachwa. Kama alifanya hivyo, iandikwe, hayo ndiyo maendeleo.

Uwezekano wa pili ni kwamba shule iligawanywa. Manispaa inapotenga shule mpya ndani ya kiwanja kilekile au ng'ambo ya barabara, watoto na vyumba huhama kwenye vitabu. Hapo linganisha shule zote mbili kwa pamoja, mama na mtoto wake, dhidi ya ile moja ya 2017. Jumla ya watoto gawanya kwa jumla ya vyumba. Msipofanya hivyo, mkuu mmoja atapewa sifa ya msongamano uliohamishiwa kwa mwenzake.

Na kama taarifa inajilinganisha na "wastani wa manispaa", ulizeni mipaka ipi. Kigamboni ilitoka Temeke, Ubungo ikatoka Kinondoni, na tangu Februari 2021 Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Takwimu za zamani za Temeke zina shule za Kigamboni ndani yake. Mkoa mzima ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 ile ya 2022, ongezeko la asilimia 23 hivi, lakini halikuenea sawa. Katikati ya mji nyumba zimegeuka maduka na ofisi, pembezoni ndiko familia zinakohamia. Shule ya Kariakoo inaweza kupungua msongamano mkuu wake akiwa amekaa. Ya pembezoni inaweza kujenga kila mwaka ikabaki ilipo, na kubaki ilipo pale ni kazi kubwa. Hilo mlipime kwa haki: chukueni watoto wa 2017 na wa sasa, kisha mseme bila vyumba vipya msongamano ungekuwa ngapi.

Vyoo. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kwa watoto 2,160 nusu kwa nusu:

Wasichana 1,080 ÷ 20 = matundu 54
Wavulana 1,080 ÷ 25 = matundu 44 (43.2, inapandishwa)

Jumla 98. Kwa hiyo 34 ni zaidi ya mara mbili ya 16 na bado ni theluthi ya mahitaji. Yote mawili yaandikwe. Kuna wanaogawa mahitaji kwa mbili kwa sababu ya zamu, lakini saa sita mchana zamu zote ziko uwanjani, na hapo ndipo foleni inapotokea.

Mnapohesabu matundu msihesabu milango. Hesabuni yanayotumika siku hiyo: mlango unafunga, shimo halijajaa, maji yapo. Toeni ya walimu. Tengeni la watoto wenye ulemavu na chumba cha wasichana cha kujisitiri. Pembezoni mwa Dar maji ya ardhini mara nyingi yako juu, mashimo hujaa masika, na gari la kunyonya lisipoitwa kwa wakati nusu ya matundu hufungwa. Taarifa iliyoandikwa Januari na iliyoandikwa Mei huwa na namba tofauti kwa choo kilekile.

Madawati: dawati la watoto watatu, zamu mbili, 1,080 ÷ 3 = 360. Hesabuni lenye kikalio, egemeo na meza ya kuandikia, yote matatu. Lililobaki vyuma andikeni "la kutengeneza", liwe na safu yake kwenye leja. Fundi wa kuchomelea ni nafuu kuliko dawati jipya. Darasa la awali lisiingizwe humo, wale kiwango chao ni 25 kwa chumba na fanicha zao ni fupi.

---

Mama Silabi alijibu:

Kuhusu hiyo asilimia 96 ya KKK, msibishane na mtu. Pimeni asubuhi moja.

Chukueni orodha ya darasa la pili yote, mikondo yote, kwa mfuatano wa rejista. Tuseme wako 240 na mnataka 40. Kila wa sita. Okoteni namba kati ya 1 na 6 iwe ya kuanzia, ikitoka 4 mnachukua wa 4, wa 10, wa 16, hivyo hivyo. Hapana kumruka mtoto kwa sababu "huyu mgonjwa" au "huyu mgeni". Asiyekuwepo afuatwe siku mbili zinazofuata, na asipopatikana abaki kwenye orodha kama hakupimwa. Wasiokuja shule mara nyingi ndio wasiosoma, ukiwafuta umejidanganya.

Matini iwe hadithi fupi ya maneno 60 hadi 80 ambayo haimo kwenye kitabu cha kiada. Hili ni kubwa. Hadithi za kitabuni watoto wanazighani kwa kichwa, kidole kiko mstari wa kwanza mdomo uko wa tatu. Mpeni dakika 1 kwa saa ya simu, hesabuni maneno aliyofika, toeni aliyokosea. Kigezo kinachotumika kwa darasa la pili ni maneno 50 sahihi kwa dakika. Halafu maswali matano ya ufahamu, manne sahihi ndiyo anaelewa.

Anayepima asiwe mwalimu wa darasa hilo. Mtoto mmoja mmoja, kando, wenzake wasisikie, vinginevyo wa kumi ameshaijua hadithi.

Matokeo yaandikwe makundi matatu: hakusoma hata neno moja, anasoma chini ya 50, amefika 50 na anaelewa. Hilo kundi la sifuri ndilo la kumkabidhi mkuu mpya kwa majina. Wastani utawaficha.

Kuandika ni imla ya sentensi tatu, kuhesabu ni kutoa kwa kukopa tarakimu mbili. Inatosha. Na rudieni wiki ileile mwaka unaofuata kwa matini ya ugumu uleule, ndipo mtajua kama kuna kupanda.

---

Leja Nyekundu alijibu:

Nijibu la makabidhiano, maana hapo ndipo maendeleo ya miaka saba hupotea kwa mchana mmoja. Watu hupanga sherehe, kanga na friji la zawadi, halafu funguo zinatolewa kwenye bahasha.

Makabidhiano yaanze miezi mitatu kabla ya tarehe ya kustaafu. Mkuu mpya asipokuwa ameteuliwa bado, mwalimu mkuu msaidizi apokee kwa maandishi kama anayekaimu. Kukaimu kwa mdomo hakuna thamani mkaguzi wa ndani akija.

Fedha. Chagueni tarehe ya ukomo. Baada ya hapo anayeondoka hasaini malipo mapya. Siku hiyo pateni taarifa ya benki, kitabu cha fedha na ripoti ya FFARS (mfumo wa serikali wa hesabu za fedha za shule), mfanye usuluhisho wa benki hadi senti ya mwisho. Hundi zilizotolewa zisizofika benki ziorodheshwe kwa namba. Kitabu cha hundi kikaguliwe jani kwa jani. Jani lililosainiwa bila kuandikwa kiasi libatilishwe hapohapo mbele ya wote.

Hakikini ruzuku. Ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo zinazokuja akaunti ya shule, yaani 500 kwa mwezi. Kwa watoto 2,160 mnatarajia 1,080,000 kila mwezi na 12,960,000 kwa mwaka. Ikiingia chini ya hapo mfululizo, sababu ya kuitafuta kwanza ni idadi ya watoto kwenye mfumo wa takwimu haijasahihishwa tangu uandikishaji wa mwisho. Ikiingia zaidi, kuna watoto waliohama ambao bado wanahesabiwa kwenu, na hilo litakuja kuwa hoja ya ukaguzi kwa mkuu mpya asiyehusika.

Michango ya uji, mitihani ya majaribio na mlinzi mara nyingi iko nje ya akaunti ya shule, kwa mweka hazina wa wazazi au kwenye simu ya mtu. Orodhesheni: nani anashika, kiasi gani kilichopo, muhtasari gani wa kikao uliruhusu. Pasipo muhtasari, hela hiyo ni ya nani?

Kubadili watia saini benki kunahitaji barua ya halmashauri na muhtasari wa kikao cha kamati ya shule kilichofikia akidi. Andaeni kikao hicho mapema. Shule nyingi hukaa wiki kadhaa bila kuweza kutoa hela kwa sababu mkuu ameondoka na kikao hakijafanyika, na LUKU inakatika katikati ya mitihani.

Miradi. Kama kuna chumba kilichojengwa kwa fedha za BOOST (mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi) au nyingine kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe ikisimamia ujenzi kwa mafundi badala ya mkandarasi, kuna kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Kila moja ikabidhi jalada lake. Leja ya vifaa vya mradi isomwe pamoja na stoo: mifuko ya saruji iliyopokelewa, iliyotumika, iliyobaki. Nondo zihesabiwe kwa unene, siyo kwa jumla. Saruji iliyokaa na kuganda ipigwe picha na iandikwe imeharibika, la sivyo itaonekana imeibwa. Deni la fundi litajwe kwa kazi iliyobaki, kwa mfano lipu ya nje au dari, ili asije kudai mara ya pili.

Kiwanja. Hili ni la mjini hasa. Tembeeni mpaka mzima, anayeondoka, anayeingia, mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa kamati, mkiwa na ramani ya upimaji. Tafuteni bikoni (alama za mpaka) moja moja. Ukuta wa jirani uliosogea mita mbili, banda la mama lishe lililogeuka fremu ya duka, njia ya bodaboda inayokatisha uwanja, yote yaandikwe na picha. Mkuu wa zamani ndiye anayejua nani aliruhusiwa kwa mdomo na lini. Akiondoka, yule mwenye fremu atasema alipewa. Kama shule haina hati, andikeni maombi yamefika hatua gani na barua ya mwisho ni ya tarehe gani.

Mifumo. PReM, FFARS na mfumo wa takwimu za shule mara nyingi vimesajiliwa kwa namba ya simu na barua pepe binafsi ya mkuu. Msikabidhiane nywila. Halmashauri iombwe kufunga akaunti ya anayeondoka na kufungua ya anayeingia, na tarehe iandikwe. Ikichelewa kwenye PReM, uhamisho wa watoto unakwama, na huko ndiko mtoto anaposajiliwa kufanya mtihani shule asiyosoma. Kabla ya akaunti kufungwa toeni nakala ya orodha ya kila darasa, isainiwe.

Jalada. Daftari la uandikishaji, kitabu cha matukio ya shule, mihtasari ya kamati, ripoti za wathibiti ubora na majibu ya shule kwa kila ripoti, majalada ya walimu pamoja na likizo na madai yao, mihuri, vyeti vya kumaliza visivyochukuliwa (kwa majina na mwaka), funguo zenye lebo.

Hati iwe nakala nne: anayekabidhi, anayepokea, jalada la shule, halmashauri. Afisa Elimu Kata na mwenyekiti wa kamati washuhudie. Kila kisichoonekana kiandikwe "hakikuonekana", hata kama wote mnajua kiko nyumbani kwa mwalimu fulani.

---

Mtetezi wa Ubao alijibu:

Naheshimu yote ya juu, ila mkienda hivi mtamhukumu mtu kwa vitu visivyo mikononi mwake. Mwalimu mkuu hapangi ikama, yaani idadi ya walimu wa shule. Hapangi ruzuku. Hapangi watu wangapi wanunue viwanja Chanika huko pembezoni. Walimu huletwa na kuhamishwa kutoka juu, na mjini wengine wanakuja kwa sababu mwenzi yuko Dar, somo lao lolote.

Taarifa ya haki igawanywe: yaliyoletwa, na yaliyofanywa shuleni. Chumba cha BOOST kimeletwa. Kilichofanywa ni hiki:

Mahudhurio. Linganisheni rejista na vichwa. Jumatatu na Ijumaa wiki mbili mfululizo, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, mjumbe ahesabu watoto darasani kisha afungue rejista. Rejista ikisema 64 na vichwa ni 51, tatizo ni la usimamizi, na linamhusu mkuu moja kwa moja.

Vipindi vilivyofundishwa. Si vilivyo kwenye ratiba. Kuna daftari la kiranja la vipindi, chukueni mwezi mmoja wa 2018 kama lipo na mmoja wa sasa.

Daftari za watoto. Kumi kwa darasa, Hisabati. Hesabuni mazoezi yaliyosahihishwa ndani ya muhula. Darasa la watoto 68 kusahihisha kila siku haiwezekani, kwa hiyo tafuteni mpango: makundi, zamu za kusahihisha, mtihani wa wiki.

Halafu ripoti za wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule. Wao hutazama matokeo ya ujifunzaji, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii. Chukueni ripoti ya kwanza ndani ya kipindi chake na ya mwisho, muone mapendekezo mangapi ya ile ya kwanza yamejirudia. Pendekezo likijirudia, ama halikutekelezeka ama lilipuuzwa. Muulizeni yeye mwenyewe ni lipi, kwa adabu, na jibu lake liingie kwenye taarifa. Hapo ndipo ana la kumfundisha mrithi wake.

---

Mjumbe wa Kamati:

Ahsanteni sana. Mwalimu mwenyewe ameonyeshwa hesabu ya 250 na 300 na amekubali safu ya asilimia iongezwe. Zamu mbili zilianza 2019, kama alivyohisi Ikama na Vyumba, na vyumba vipya vilivyojengwa vimemezwa na watoto waliohamia. Jedwali la kundi la 2017 linaandaliwa.

Moja limebaki. Mpango wa shule unafika 2028. Wastani wa darasa la saba tuuweke kama lengo hadi mwaka huo?

---

Chaki Nyeupe:

Usivuke 2027. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 na msingi ni miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu 2024 wanamaliza darasa la sita 2027. Waliokuwa la nne mwaka huo wanamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Makundi mawili yanatoka pamoja, mitaala tofauti, kwa hiyo wekeni malengo mawili ya mwaka huo, kila kundi na lake, na msiyajumlishe.

Kwa 2028 darasa la saba halipo. Andikeni lengo kwa somo: asilimia ya A hadi C ya Hisabati na English, pamoja na kipimo cha KKK cha darasa la pili alichoeleza Mama Silabi. Hivyo vitadumu mtihani ukibadilika jina au idadi ya masomo.

---

Ikama na Vyumba:

Na vyumba vya darasa la saba vitakavyobaki wazi Januari 2028 viandikwe sasa vitakwenda wapi. Kama mikondo ni minne, ni vyumba vinne. Pendekezo langu viende kwa darasa la kwanza na la pili ili watoke kwenye zamu ya mchana kwanza. Msipoandika, vitakuwa stoo na ofisi.